Ua Lisiloomba Maji

Yako maswali ambayo mtu akiyasikia mara ya kwanza huyacheka, akidhani ni ya watoto. Lakini akikaa nayo kitambo huona ya kuwa yamegusa jambo kubwa. Swali la mwezi huu ni la namna hiyo. Twauliza hivi: Je, ni vema mtu mzima kuketi na kuunganisha vipande vya plastiki vya kuchezea hata vikawa mfano wa ua, kisha kuliweka ua hilo mezani, au kumpa mwenziwe, au kuliweka juu ya kaburi, mahali pa ua lililoota udongoni? Wengine hujibu upesi, “Ni mchezo tu, una kosa gani?” Wengine nao hujibu upesi vile vile, “Ni uongo, tena ni kupoteza fedha.” Sisi twaona kuwa hao wote wamejibu kabla ya kulitazama swali. Basi na tulitazame pamoja, polepole.

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Katika nchi ya Denmark, katika mji mdogo wa Billund, alikuwako seremala jina lake Ole Kirk Kristiansen. Mwaka 1932, wakati wa dhiki ya fedha iliyoenea duniani, kazi ya kujenga ilipopungua, alianza kuchonga vitu vya watoto kuchezea kwa mbao. Jina alilokipa kiwanda chake, LEGO, limetokana na maneno mawili ya Kidenmark yenye maana ya “cheza vema”. Baadaye kiwanda hicho kilishika kazi ya plastiki, na mwaka 1958 kikaomba hati ya kulinda ufundi wa matofali madogo yenye vinundu juu na mirija ndani, ambayo hushikamana yakibanwa na kuachana yakivutwa. Tofali la mwaka ule hushikamana hata leo na tofali lililotoka kiwandani juzi. Hiyo ni sifa njema ya fundi, maana hakulitupa neno alilolianza.

Miaka mingi watoto waliyatumia matofali hayo kujengea nyumba na magari. Lakini mwezi wa Januari mwaka 2021, siku ambazo ugonjwa wa Uviko ulikuwa umewafungia watu wengi ndani ya nyumba zao, kiwanda kilileta shada la maua lenye vipande 756, na juu ya sanduku kikaandika kuwa ni la watu wenye miaka 18 na zaidi. Pamoja nalo ukaja mti mdogo wa chunguni, mfano wa ile ambayo Wajapani huipogoa ili ibaki mifupi. Mti huo una maua ya rangi ya waridi, nawe ukiinama kuyatazama waona ya kuwa yamefanywa kwa vyura wadogo wa plastiki! Tena sehemu nyingine za maua hayo, zile laini, zimefanywa kwa plastiki iliyotokana na miwa, si kwa mafuta yachimbwayo ardhini. Mtu huketi jioni mbili au tatu, huchagua kipande baada ya kipande, na mwisho wake anapata ua ambalo halinyauki, halina harufu, wala haliombi maji.

Hapa kwetu Unyamwezi sanduku la namna hiyo ni geni, na bei yake ni kubwa. Lakini ua lililofanywa kwa mkono si geni hata kidogo. Mama zetu wamekata maua ya karatasi kupamba kanisa siku ya Krismasi. Wasichana hufuma maua ya nyuzi juu ya vitambaa vya meza. Na sokoni huuzwa maua ya plastiki yaliyotoka China, ambayo tunayaona sebuleni, arusini na makaburini. Kwa hiyo swali la matofali ya Billund ni swali letu pia. Limetujia limevaa nguo nyingine tu.

Sasa tuwajibu wale wasemao kuwa ni upuuzi wa kitoto. Twasema kwamba mchezo wa mikono si jambo la kudharauliwa. Mwenye kumtazama mtoto wa kijijini akiunda gari kwa mabua ya mahindi na kulitia magurudumu ya vizibo vya chupa, huyo aona akili ikifanya kazi. Mtu mzima naye, akiisha kuchoshwa na kazi ya mshahara, mikono yake hutamani kazi isiyo na msimamizi. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Na vipande 756 haviungani kwa pupa. Aliyekosea katika kipande cha kumi pengine hatalijua kosa lake mpaka afike cha themanini, ndipo hurudi nyuma na kubomoa, wala hakuna wa kumcheka wala wa kumsifu. Saburi ya namna hiyo ni mwalimu mzuri. Wengi wetu tungefaidika kama tungejizoeza kubomoa kosa letu tukiwa peke yetu, kabla halijabebwa na mambo mengine yaliyojengwa juu yake.

Tena jambo hili la kuunganisha vipande vidogo vilivyotoka mbali lilijulikana Tabora kabla ya kuwako kiwanda chochote huko Billund. Wakati wa misafara, wapagazi walipotoka Bagamoyo kuja Tabora, na kutoka hapa kwenda Ujiji, katika mizigo yao mlikuwamo nguo za merikani, zilizoitwa hivyo kwa kuwa asili yake zilitoka Marekani, na nyaya za shaba, na ushanga. Sehemu kubwa ya ushanga huo ilifanywa kwa kioo katika mji wa Venice, nchi ya Italia. Ushanga ulikuwa kama fedha ya njiani. Ulinunua chakula na kulipa ushuru wa watemi. Lakini haukukubaliwa wote mahali pote. Ule mwekundu ulioitwa samesame ulipendwa sana Unyamwezi. Namna nyingine ilitakiwa Ujiji. Nyingine ilipita Ugogo, lakini mbele ya hapo watu waliikataa. Msafiri asiyejua mapenzi ya wenyeji aliweza kufa njaa na mizigo ya ushanga mabegani mwa watu wake.

Fikirini basi jambo hili. Punje moja ya ushanga, ikilala katika kiganja, haina habari yoyote ya kueleza. Imefanana na elfu nyingine. Aliyeifanya hakumjua atakayeivaa. Lakini mwanamke wa hapa aliichukua, akaichagulia jirani yake nyekundu au nyeupe, akaitunga katika uzi, akafanya pambo ambalo fundi wa Venice hakuliwaza kamwe. Akamvika mtoto wake. Tangu saa hiyo ushanga ule ulikuwa na mwenyewe. Ndivyo yalivyo na matofali ya leo: kiwanda hutoa vipande, lakini upendo hautoki kiwandani. Kama umo, umetiwa na mkono uliounganisha. Kwa hiyo hatuwezi kukihukumu kitu kwa kuwa kimetoka kiwandani au kwa kuwa ni cha plastiki. Yatupasa kuuliza mkono ulitenda nini, na kwa ajili ya nani.

Sasa tuje kwa wale wasemao kuwa ni uongo. Neno lao lina uzito zaidi. Methali yetu yasema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Yako maua ya plastiki yaliyofanywa kwa kusudi la kumdanganya mtazamaji. Hata matone ya gundi yametiwa juu ya petali yaonekane kama umande wa asubuhi. Mgeni hulisogelea, huinama kunusa, kisha huona haya. Ua la namna hiyo lataka kuaminiwa kuwa ni kitu ambacho si chenyewe. Lakini ua la matofali halifanyi hivyo. Vinundu vyake vyaonekana. Vyura wake wamekaa wazi. Hata mtoto wa miaka mitatu hawezi kudanganyika. Hilo lasema waziwazi, “Mimi ni matofali; mtu amenifanya nifanane na ua kwa sababu analipenda ua.” Huo si uongo. Ni mfano, na mfano ukijulikana kuwa ni mfano haumwibii mtu kweli.

Walimu wa makanisa wakumbuke ya kuwa Maandiko hayakuyaogopa maua ya kufanywa. Kinara cha taa cha hema kilifuliwa kwa dhahabu, na vikombe vyake vilikuwa na mfano wa maua ya mlozi. Wataliona jambo hilo katika Kutoka, sura ya 25. Katika hekalu la Sulemani kuta zilichorwa maua yaliyochanua, kama isemavyo 1 Wafalme, sura ya 6. Na sisi Walutheri tuna waridi letu: mwaka 1530 Martin Luther alieleza kwa barua maana ya muhuri wake, yaani msalaba mweusi ndani ya moyo mwekundu, moyo ndani ya waridi jeupe, na waridi katika uwanja wa rangi ya mbingu wenye pete ya dhahabu. Waridi hilo limechorwa katika vitabu na kuta nyingi. Halijapata kunyauka, wala hapana mtu aliyelinusa. Hatusemi kuwa latudanganya. Basi ua la kufanywa ni miongoni mwa mambo ambayo wazee wetu wa imani waliyaita mambo yasiyoamriwa wala kukatazwa. Katika mambo ya namna hiyo hatumfungi mtu kwa amri. Walakini, jambo lisilokatazwa laweza kuwa na hatari yake, nasi twataka kuionyesha hatari hiyo mahali ilipo.

Turudi kwenye njia ya misafara. Katika mizigo na riziki za safari ile, mambo mawili yamebaki hapa hata leo. La kwanza ni ushanga. Merikani imeoza, waliobeba mizigo wamelala, lakini punje ya kioo ikifukuliwa katika vituo vya kale hung'aa kama siku ile ilipodondoka. La pili ni miembe. Mwembe si mti wa asili wa nchi hii. Ulikuja kutoka upande wa bahari pamoja na watu wa misafara, na wazee husimulia ya kuwa kokwa zilitupwa kandokando ya njia na penye makambi. Hata leo miembe ni sura ya mji wetu, na huko Kwihara, alikokaa Dk. Livingstone mwaka 1872 akingojea wapagazi, na huko Ujiji pia.

Tukiulizwa ni kipi kati ya hivi viwili kilichodumu, tutajibu kwamba vyote viwili, lakini havikudumu kwa namna moja. Punje ya ushanga imedumu kwa sababu hakuna kilichoigusa. Haikuomba kitu, haikupewa kitu, wala haikuongezeka. Mwembe umedumu kwa sababu uliguswa na kila kitu. Ulipokuwa mche, mbuzi angeweza kuula na kiangazi kingeweza kuukausha. Alikuwako mtu, jina lake halijulikani, aliyeuzungushia miiba na kuumwagia maji aliyoyabeba kichwani. Ua la mwembe ni dogo, si la kupamba meza. Hapana bwana arusi ambaye angelichukua. Lakini limezaa maembe ambayo wajukuu wa wapagazi wameyala, na vivuli ambavyo mahakama na mikutano ya wazee imekaa chini yake. Ushanga umebaki vile vile ulivyokuwa. Mwembe umekuwa kitu ambacho aliyeutunza hakukiona.

Shahidi mwingine yuko msituni. Tabora ni nchi ya asali, hata serikali imeweka hapa chuo cha kufundisha ufugaji wa nyuki. Mwisho wa kiangazi, mvua ikiwa haijanyesha bado, miyombo huchipua majani mekundu na kutoa maua ambayo mpita njia haoni hata kama yako. Nyuki huyaona. Kutoka katika maua hayo hupatikana asali ya mizinga ya magome na ya magogo, na nta ambayo tangu zamani za Wajerumani na Waingereza iliuzwa mpaka ng'ambo. Sasa mtu achukue shada la vipande 756, zuri kuliko ua lolote la miyombo, aliweke chini ya mzinga. Nyuki hatalidharau wala hatalisifu. Hakuna kitu ndani yake cha kuchukua. Ua la kweli lapoteza unga wake na utamu wake kila siku, nalo hunyauka kwa sababu limetoa. Lile lingine halinyauki kwa sababu halikutoa chochote.

Hapa ndipo tulipofika penye neno tulilotaka kulisema. Hatari ya ua la kufanywa haimo katika kufanywa kwake. Imo katika sababu moja ambayo watu hulipendea: haliombi maji. Mtu akilipenda kwa rangi zake, si vibaya. Akilipenda kwa sababu ya saburi iliyolijenga, ni vema. Lakini akilipenda kwa sababu halimsumbui, na aangalie, maana moyo hujifunza haraka kuliko tunavyodhani. Leo amezoea ua lisiloomba maji; kesho atamwona mgonjwa nyumbani kuwa mzigo kwa sababu aomba maji usiku. Ataona urafiki wa mbali, wa salamu za simu tu, kuwa bora kuliko jirani agongaye mlango. Atampenda mzazi wake katika picha iliyoko ukutani, ambayo haisemi, kuliko mzee mwenyewe ambaye hurudia hadithi ile ile kila jioni. Vitu vyote vilivyo hai huomba. Mtoto hulia, mke hunung'unika, mume hunyamaza akitaka aulizwe, usharika huleta magomvi yake, shamba hutaka palizi. Kuomba kwao ndiyo dalili ya uhai wao, na kuitikia kwetu ndiyo dalili ya upendo wetu. Asiyetaka kuombwa, kwa kweli ataka kukaa na wafu.

Lakini tusiwe wepesi wa kusema bila kusikia upande wa pili, kwa maana yuko mwenye hoja ya haki. Mama mmoja aweza kusimama na kutuambia: “Ninyi wachungaji mwasema habari za kumwagilia maua, lakini ni nani abebaye maji? Hapa kwetu mvua hukoma mwezi wa Mei, na tangu hapo mpaka Novemba mbingu ni kavu. Kabla ya bomba kufika nilitembea alfajiri nirudi jua likiwa limepanda. Je, maji hayo niyamwage juu ya ua, na watoto wangu waoge nini? Ua la plastiki limenihurumia kuliko ninyi.”

Neno lake ni kweli, wala hatuna la kumpinga. Siku hizi maji ya Ziwa Victoria yameletwa kwa mabomba hata Tabora, nasi twashukuru. Lakini viko vijiji vingi ambavyo ndoo ingali kichwani. Pasipo na maji ya kutosha, pambo lisiloomba maji ni rehema, na mwenye kumlaumu mama huyo angeanza kwa kumbebea ndoo moja. Tena neno lake halivunji hoja yetu, bali laipa nguvu. Maana yeye hakulichagua ua la plastiki ili apumzike na kuombwa. Alilichagua kwa sababu maji yake yamekwisha kuombwa na walio hai, naye amewapa. Huyo ameelewa vizuri kuliko sisi tunaoandika. Tofauti yake na yule mwenye bomba uani, mtumishi na wakati wa kutosha, ambaye hata hivyo ataka kila kitu nyumbani mwake kisimwombe kitu, ni kubwa sana, ijapokuwa maua yaliyo juu ya meza zao yamenunuliwa kwa mchuuzi mmoja.

Sasa tuseme juu ya makaburi, maana sisi tulio wachungaji twafika huko mara nyingi, na huko swali hili huacha kuwa la maneno. Siku ya maziko mashada huwekwa kwa heshima, na watu huitwa mmoja mmoja kwa majina. Mengi ni ya plastiki. Baada ya mwaka jua la Tabora limekula rangi zake. Jekundu limekuwa jeupe, petali zimevunjika vipande vipande, na upepo umevitawanya katika mashamba. Serikali yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa sababu plastiki haiozi na huharibu nchi. Nasi twaleta plastiki nyingine makaburini kwa jina la upendo. Hilo peke yake lingetosha kutufikirisha.

Lakini liko kubwa zaidi. Tuseme yuko kijana aliyehamia Dar es Salaam, na mama yake amezikwa hapa. Anunua shada zuri lisilonyauka, alituma kwa gari la abiria, na jamaa wanaliweka. Moyo wake watulia. Mwaka wa kwanza asema, “Maua yangali pale.” Mwaka wa pili asema vivyo hivyo. Mwaka wa tano hajui tena kama kaburi limeota majani, wala kama shangazi aliyeliweka shada lile bado ana chakula. Kama angaliweka maua mabichi, yangalinyauka siku ya tatu, na kunyauka kwake kungalimwita arudi. Kunyauka kwa ua ni namna yake ya kutuita kwa majina. Lile lisilonyauka limemwachilia huru kutoka katika deni ambalo hakupaswa kuachiliwa, na hakuna mtu aliyekusudia mabaya.

Kwa upande mwingine, tuseme yuko baba aliyepata sanduku la matofali lililotumwa na ndugu aliyeko Ulaya, naye akaketi na binti yake jioni tatu wakijenga waridi moja. Katika jioni hizo binti alimwambia mambo ya shule ambayo hakuwa amemwambia mtu. Ua lile la plastiki halikuzaa mbegu wala asali, lakini jioni zile tatu zilikuwa na uhai. Aliyemwagiliwa maji alikuwa mtoto. Nani atamwambia baba huyo kwamba amepoteza wakati? Na mgonjwa akaaye kitandani miezi mingi, asiyeweza kulima bustani, akimjengea muuguzi wake ua kwa vidole vinavyotetemeka, ua hilo limempotezea mtoaji nguvu na wakati wake, nalo ni sadaka kama ua lolote la bustanini.

Basi, ndugu walimu, mkiulizwa na watu wa usharika, msiwape amri, bali wapeni maswali matatu ya kujipima. La kwanza: Je, kitu hiki chasema kweli juu ya nafsi yake, au chajifanya kuwa kingine? La pili: Je, aliyekitoa ametia ndani yake kitu cha nafsi yake, wakati wake au nguvu zake, au ametoa fedha tu ili asitoe nafsi? La tatu, nalo ni zito kuliko yote: Je, baada ya kukiweka, nimekuwa mwepesi zaidi kuwaendea wanaoniomba, au nimepata udhuru wa kukaa? Aliyeyajibu hayo kwa uaminifu atajua mwenyewe la kufanya, kama ua lake ni la matofali, la karatasi, la plastiki, au la udongoni. Maana hata ua bichi la bustani laweza kutolewa na mtu asiyetoa chochote.

Na juu ya meza ya Bwana kanisani, twashauri hivi. Mahali palipo na maji, vijana wa usharika wapande maua nje ya kanisa, na kila juma mmoja awekwe wa kuyaangalia. Watayasahau mara nyingine, nayo yatanyauka, na Jumapili hiyo chombo kitakuwa kitupu. Msione haya kwa chombo kitupu. Kitawafundisha kitu ambacho shada la plastiki lililojaa vumbi mwaka mzima haliwezi kufundisha. Na mahali pasipo na maji, tawi la mwembe latosha, au mua, au masuke ya mtama wakati wa mavuno. Ikiwa mama mzee ameleta maua ya karatasi aliyoyakata kwa mkono wake kwa taa ya kibatari, yapokeeni kwa heshima, myaweke mbele.

Twakumbuka habari ya ile fimbo ya Haruni, iliyoandikwa katika Hesabu, sura ya 17. Fimbo ilikuwa mti uliokwisha kukatwa. Haikuwa na mizizi wala haikuomba maji. Fimbo za makabila mengine zilibaki kavu, nzuri labda kwa kuchongwa kwake. Ile moja ilichipuka, ikachanua, ikazaa lozi. Hiyo ndiyo iliyokuwa ishara, kwa kuwa ilirudi upande wa vitu vilivyo hai, vile vyenye haja na vyenye matunda.

Cheza vema, alisema yule seremala kwa jina la kiwanda chake. Nalo ni neno jema. Jengeni maua mkiwa na nafasi. Yapangeni kwa rangi, cheka na watoto wenu mnapoona vyura. Kisha ondokeni mezani, mchukue ndoo, mkamtazame yule anayewaomba.